Galileo na maji ya kupimia wakati
Ndugu mwandishi, kisa ulichokitaja katika makala yako, cha Galileo kuangusha vitu kutoka mnara wa Pisa, tumekipokea kwa mwanafunzi wake Viviani, ilhali Galileo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza tufe la shaba lililobingirika katika mfereji wa ubao ulioinamishwa, na wakati akaukadiria kwa uzito wa maji yaliyochuruzika chomboni. Nanyi wenzangu mnaodai kuwa fizikia haisomeki mtandaoni pasipo maabara, mwalimu wetu wa mtandaoni alitutupia suali la namna ya kupima mwendo wa tufe kama hilo kabla ya kututajia kanuni yoyote, nami kwa ubao wa kitanda, gololi ya mwanangu na kopo lililotobolewa nikadhihirikiwa kwamba muda ukizidi maradufu masafa huwa mara nne. Takriban, maana kopo lenyewe lilikuwa na kutu.