Setilaiti haioni moshi wa Julai

Mwezi Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu na baridi kukaza, ndipo zahanati yangu hufurika watoto wenye pumu na kikohozi. Mwaka jana mama mmoja wa Eastlands aliniletea mwanawe kwa mara ya tatu katika muda wa wiki tano. Akaniuliza, "Daktari, hewa ya huko kwetu ni mbaya kiasi gani?"

Nilitafuta jibu katika ramani zinazotokana na vipimo vya setilaiti. Mtaa wake ulikuwa doa jeupe. Siku hiyo hapakuwa na kipimo chochote.

Huenda msomaji akashangaa, maana tumezoea kuambiwa kwamba mitambo hiyo huona kila kitu. Ukweli ni kwamba setilaiti haipimi hewa tunayovuta. Hupima jinsi mwanga wa jua unavyotawanywa na chembechembe za moshi na vumbi kuanzia ardhini hadi juu kabisa angani, kisha wataalamu wakakadiria ni kiasi gani kiko karibu na pua zetu. Moshi ulio kilomita tatu juu waweza kuhesabiwa pamoja na ule wa jikoni. Mabati yanayometameta huvuruga hesabu. Na penye mawingu, haioni kitu.

Kisha kuna suala la saa. Terra, iliyorushwa na Marekani mwaka 1999, kwa miaka mingi ilipita juu yetu yapata saa nne na nusu asubuhi, na mwenzake Aqua, ya mwaka 2002, ikapita baada ya saa saba mchana. Msongamano wa matatu wa alfajiri haukuonekana, wala majiko ya makaa ya jioni.

Nakiri kwamba mambo yanaboreka. EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024 na mashirika ya anga ya Ulaya na Japani, hutuma miale ya leza kuelekea chini na kuonyesha moshi uko kimo gani. PACE ya Marekani, iliyorushwa Februari mwaka huo huo, huutazama mwanga kutoka pembe mbalimbali ili kutofautisha aina za chembe. Meteosat mpya ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha za Afrika kila baada ya dakika 10. Siidharau kazi hiyo hata kidogo.

Ninachokataa ni maneno niliyoyasikia kwa ofisa mmoja mkutanoni, kwamba vyombo vya ardhini havihitajiki tena kwa sababu setilaiti zipo. Ni kama mimi nimpime mgonjwa homa nikiwa ng'ambo ya barabara! Makadirio hayo ya angani husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Nairobi na Malindi zimewahi kuwa na vyombo vya mtandao wa kimataifa wa AERONET, lakini navyo hutegemea jua. Vyombo vya kupima chembe zenyewe mitaani, usiku na mchana, ndivyo vichache. Tena Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake, tukaona hatari ya kutegemea chombo cha jirani.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe ndogo zaidi, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Dandora wanavuta ngapi mwezi wa Julai? Kaunti iweke vyombo juu ya mapaa ya shule na zahanati, hasa Dandora, Kariobangi na eneo la viwandani, na vipimo vitangazwe kila siku pamoja na hali ya anga. Wanaoboresha setilaiti nao watavihitaji.

Mtoto yule nilimwandikia dawa ya kuvuta, nikamsihi mama awe akiwashia jiko nje. Swali lake bado sijalijibu.