Njia ya Shela: Haki Inayojaa na Kupwa

Maji yakijaa hupwa, ndivyo tusemavyo Wapwani tunapomliwaza aliyefikwa na dhiki. Leo nataka kuitumia methali hiyo kwa maana yake ya dhahiri kabisa, kwani ndani yake mna suala ambalo kila mkaaji wa mwambao yafaa alifikirie: ni nani mwenye haki ya kupita ufuoni, na haki hiyo yafika wapi?

Mfano ulio bora ni njia ya pwani itokayo mji wa Lamu kwenda Shela. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi. Nimeipita maji yakiwa yametoka, na nimeipita maji yakiwa yamejaa, nami nasema kuwa hizo ni njia mbili mbalimbali. Maji yakitoka, mtu huenda kwa raha juu ya mchanga mgumu, kushoto kwake mkondo na kisiwa cha Manda, mpaka auone mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela uliojengwa mwaka 1829. Mbele ya Shela mkondo hufunguka, Ras Kitau ikiwa ng'ambo, na bahari kuu hudhihiri. Toka hapo ufuo huendelea yapata kilomita 12, na nyuma yake vilima vya mchanga. Lakini maji yakijaa, hasa siku za bamvua, kuna mahali ambapo mpita njia hubanwa baina ya wimbi na ukuta wa nyumba ya mtu.

Asidhani msomaji kuwa hii ni njia ya watalii peke yao. Hupitwa na mwashi aendaye kazini, mwanafunzi, mvuvi, na mgonjwa aendaye hospitali asiye na nauli ya mashua. Tena ni njia yenye historia. Watu wa Shela hunasibishwa na Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17, ambako wamekuwa wakienda kuzuru kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria. Na ni ufuo wa Shela huu huu ambapo, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu waliwashinda Wamombasa na Wapate, kisha wakataka himaya ya Sayyid Said wa Oman.

Sasa tutazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema kuwa ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali kuu huishika kwa amana ya wananchi, na msimamizi wake ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Maneno hayo ni mazuri. Hata hivyo, mtu wa pwani huona upungufu wake mara moja: ardhi hiyo tuliyopewa, maji yakijaa imo chini ya bahari! Haki yetu hujaa na kupwa pamoja na maji. Mwenye kiwanja akijenga hadi penye alama ya maji kujaa, huenda asiwe amevunja kifungu hicho, na juu ya hayo njia ikawa imekatika kwa saa kadhaa kila siku. Kwa hiyo kuilinda njia kwahitaji kipande cha ardhi juu ya alama hiyo, na hapo ndipo mipango ya kaunti inapoingia. Mambo yakiwa na wenyewe wawili, aghalabu huwa hayana mwenyewe.

Kuta zenyewe zina madhara mengine. Wimbi likipanda juu ya mchanga huchoka lenyewe. Likigonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchukua mchanga wa chini yake, na ufuo ukazidi kushuka. Bahari inaendelea kupanda duniani kote, kwa hiyo nafasi ya kupita itazidi kupungua hata kama hakuna atakayeongeza jiwe moja.

Ama vilima vya mchanga, hivyo ni birika la mji. Mvua ikinyesha huchujwa na mchanga, na maji matamu hukaa chini juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela huunywesha mji wa Lamu kutokana na hazina hiyo. Kujenga juu yake, kuchimba mashimo ya vyoo, au kuchota mchanga wa ujenzi ni kuchezea maji ya kunywa ya watu wote.

Sisemi kuwa wageni wafukuzwe. Nyumba zao zimewapa kazi waashi, mabaharia na wapishi, na wengi wao wamependa Shela kwa sababu ile ile tuipendayo sisi. Nisemalo ni kuwa dini yetu imehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika imani, basi sembuse kuuweka!

Wala watu wa Lamu si wanyonge mbele ya sheria. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi walioathirika na bandari mpya walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Funzo ni kuwa wenyeji wakija na hoja na karatasi, husikilizwa.

Basi naona mambo matatu yafaa kutakwa. Kwanza, alama ya maji kujaa ipimwe na kuwekewa bikoni kutoka mjini mpaka mwisho wa vilima. Pili, njia ya miguu iandikwe katika ramani ya kaunti kwa upana wake, kabla hakijatolewa kibali kingine cha ujenzi. Tatu, ramani hiyo ibandikwe misikitini na sokoni kwa Kiswahili, wazee na vijana waisome. Njia isiyoandikwa popote hulindwa na kumbukumbu tu, na wenye kumbukumbu hiyo wanatutoka mmoja mmoja.