Mkesha Ijumaa, uongo Jumamosi

Nianze kwa kujichoma mwenyewe, wengine nitawafikia. Mwaka jana nilikuwa na miadi Jumamosi saa mbili asubuhi na mama mmoja mjane, aliyekuwa akigombania kiwanja na mashemeji zake. Alitaka habari yake itoke kabla ya kikao cha ukoo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa kwenye mkesha. Tuliimba, tukakemea, tukalia mpaka saa kumi na moja alfajiri, nikarudi nyumbani nijinyooshe dakika kumi tu.

Nilizinduka saa sita mchana. Mama wa watu alikuwa ametoka Mbagala kwa nauli ya kukopa, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu, akanipigia mara nne, akaondoka. Nikampigia. Nikamwambia nini? Foleni! Sauti ilikuwa bado imekauka kwa kumwita Bwana, na kazi ya kwanza niliyoipa ni kudanganya mjane. Habari haikutoka. Kikao kikafanyika.

Jamani, tumejijengea Ukristo wa matukio. Januari mfungo wa siku 21, kila Ijumaa mkesha, katikati kongamano. Muulize kijana wa Kikristo hapa mjini imani yake inaendeleaje, atakuhesabia mikesha. Hatakwambia deni la mwenzake atalilipa lini, wala kwa nini dada wa kazi nyumbani kwake anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na mshahara anaupata wa mwezi juzi.

Sina ugomvi na mkesha. Yesu alikesha mlimani akiomba. Lakini Yesu huyo huyo, tunasoma katika Marko sura ya 4, alilala ndani ya chombo, kichwa kwenye mto, dhoruba ikivuma mpaka wanafunzi wakamwamsha. Na Eliya je? Alipokimbilia jangwani akiomba afe, malaika hakumpangia mfungo. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Safari ya siku arobaini ilifuata baadaye.

Anayenitesa zaidi ni Danieli, kwa sababu alikuwa mtu wa ofisini kama sisi. Mmoja wa wakubwa watatu juu ya maliwali 120. Aliomba mara tatu kwa siku, na maadui zake walipochokonoa utendaji wake serikalini hawakupata kosa, ikabidi wamtafutie kisa katika dini yake. Hebu fikiria wangechokonoa wa kwako. Wangefika hata saa ya chai kabla ya kupata cha kuandika?

Najua mtu ataniambia haya ni maneno ya vuguvugu. Basi tuwatazame watawa, ambao hakuna atakayewaita vuguvugu. Wabenediktini, wale walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, wanafuata Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6, sura 73. (Walokole wenzangu msinune, kusoma si kubatizwa upya.) Humo kuna saa ya sala, saa ya kazi za mikono, saa ya kusoma. Chakula kina kipimo. Hata usingizi umepangwa: majira ya baridi wapumzike zaidi kidogo ya nusu ya usiku ndipo waamke kusali. Na mtunza stoo anatakiwa avione vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vya altare. Vyote, nadhani hata jembe na ndoo. Sisi gari la ofisi tunalipeleka kwenye kongamano, tunalirudisha halina mafuta.

Kulala saa nne usiku ili kesho uwahi ni kazi ngumu kuliko kukesha, nimejaribu. Hakuna kipaza sauti, hakuna wa kukuitikia amina, hakuna atakayekusimamisha Jumapili utoe ushuhuda kwamba wiki hii ulifika kwa wakati siku zote tano na hukumdanganya mtu.

Yule mama nilimfuata Mbagala mwezi uliofuata. Nikamweleza ukweli, kwamba hakukuwa na foleni, nilikuwa nimelala, nimetoka kwenye maombi. Hakugomba. Aliniuliza tu kama usiku ule tulimwombea na yeye.

Hatukumwombea.