Makwapa Yangu, Ndimu na Soo la Kiomboi

Najua nimeadimika, msininunie. Nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, Kiomboi kule Iramba. Kwa wasiopajua: unatoka Singida mjini kama unaenda Nzega, ukifika Misigiri unaiacha barabara kuu, unakunja. Mji mdogo, umetulia, watu wakarimu. Ila hali ya hewa yake ina vituko. Asubuhi upepo unakata masikio mpaka unavaa sweta, saa sita mchana unajuta kwa nini ulilivaa.

Stori za field ziko nyingi, nitazileta taratibu. Leo naanza na ile ambayo mwenzangu wa chumbani hapa hosteli amenikataza nisiiandike. Makwapa. Ndiyo, makwapa. Kaeni mkao wa kusoma.

Ilikuwa wiki ya pili, kipindi cha kemia, jua la mchana. Sweta nimeshalivua, ndani nina blauzi ya mtumba ya poliesta, ya kijani, nzuri kweli (nilikuwa naringa nayo tangu mwaka wa kwanza). Nainua mkono kuandika ubaoni, nyuma nasikia kicheko kile cha kubana pua. Nageuka, kimya. Naandika tena, kicheko tena. Nikajicheki kwa jicho la pembeni: kwapani kuna ramani ya Ziwa Kitangiri. Harufu nayo nikaisikia mwenyewe. Soo!

Jioni ile nikaamua kumaliza kesi. Nikanyoa kwa wembe, nikaoga na sabuni ya mche, ile ya kufulia, halafu nikakata ndimu nikasugua. Si ndo tulivyofundishana bwenini tangu kidato cha kwanza, kwamba ndimu inakata kikwapa? Wadau, nililia. Asubuhi nikaongezea rolioni niliyoletewa zawadi, ina harufu ya kumfikia mkuu wa shule ofisini kwake. Siku ya tatu ngozi imechubuka, inatoa majimaji, mkono haunyanyuki. Nikafundisha wiki nzima nikiandika nusu ya chini ya ubao tu. Na wiki hiyohiyo ndo msimamizi akaja kunikagua, akaandika kwenye fomu kwamba mwalimu hatumii ubao ipasavyo. Ningemjibuje? Teh teh teh.

Sasa hoja yangu ni hii. Dawa ya kikwapa tunaichagua kwa pua, wakati inabidi tuichague kwa ngozi. Tukifika dukani tunafungua kifuniko, tunanusa, "hii kali", tunalipa. Kwa mtu mwenye ngozi laini kama mimi, hayo manukato ndo adui wa kwanza. Ni kati ya vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwenye vipodozi.

Tena hata jasho tunalisingizia. Likitoka tu karibu halina harufu. Kwapani kuna tezi za aina mbili. Moja inatoa maji na chumvi za kupooza mwili, nyingine inaamka tukibalehe na kutoa kitu kizito chenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi pale wanakula hicho kitu, na mabaki ya karamu yao ndo kikwapa. Kwa hiyo anayenuka si lazima awe mchafu. Wakorea walio wengi makwapa yao hayanuki kama yetu kwa sababu ya badiliko kwenye jeni moja tu, inaitwa ABCC11, na jeni hiyohiyo inafanya nta ya masikio yao iwe kavu. Sio kwamba wanatuzidi kuoga. Wamezaliwa hivo.

Nikiwa nimekaa chumbani na makwapa yangu yamefunguliwa dirisha, ndo nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu wa kemia, aibu iliyoje. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH 5 hivi. Ndimu iko kwenye 2 na ushee. Na tunajua kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo ndimu ni kali kuliko ngozi yako mamia ya mara. Sabuni ya kufulia iko upande wa pili, 9 au 10. Yaani usiku ule nilikata ngozi kwa wembe, nikaipandisha mpaka 10, nikaishusha mpaka 2. Nilifanya taitresheni kwenye kwapa langu mwenyewe, na kiashiria kilikuwa machozi. Soda ya kuokea nayo iko juu ya 8, na siku hizi imejaa kwenye hizi deodoranti zinazoitwa za asili. Neno "asili" halijawahi kumzuia mtu kuchubuka. Hata upupu ni wa asili.

Kitu kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba dukani kuna bidhaa mbili tofauti zimekaa rafu moja. Deodoranti inashughulika na bakteria na harufu, jasho linaendelea kutoka. Ile iliyoandikwa "antiperspirant" inazuia jasho lenyewe, chumvi za aluminiamu zinaziba vijitundu kwa muda. Kama shida yako ni ramani ya Ziwa Kitangiri, deodoranti haitakusaidia hata ununue katoni. Kama shida ni harufu tu, huna haja ya kuziba kitu. Na hii ya kuziba ipakwe usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, sio asubuhi umetoka bafuni unadondoka maji. Nyingine zina aluminiamu kloraidi, ikikutana na maji inatengeneza asidi ya haidrokloriki kidogo. Ndo maana inawasha.

Mnaotaka kuniuliza habari ya kansa ya titi, nimeshawasikia, hosteli nzima inaijua hiyo stori. Mpaka sasa utafiti haujaonyesha uhusiano wa wazi. Mwenye ugonjwa wa figo ndo amuulize daktari kwanza.

Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba. Aliniona uani nimepanua mikono, akasema, "Mwanangu mwalimu, mbona unatembea kama kuku aliyenyeshewa?" Nikamwambia ukweli. Akaingia ndani akatoka na kijiwe cheupe kama barafu. Shabu. Nikataka kupaka palepale, akaninyang'anya. "Kwanza upone. Siku hizi oga maji, kausha, basi." Huyo mama hajasoma kemia hata siku moja, na ushauri wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Kwa hiyo siku tano sikupaka kitu. Maji, sabuni laini ya kuogea kidogo, kujikausha kwa kupapasa bila kusugua, na shati la pamba. Blauzi ya kijani nikaipumzisha, maana poliesta inatunza harufu kuliko pamba. Ngozi ikafunga. Ndipo nikaanza shabu: unalilowesha jiwe, unapitisha mara mbili tatu, unaacha pakauke. Halina manukato na linakaa miezi. Ulaya na Marekani wanalichonga vizuri, wanalitia kwenye kopo, wanaliita kristali na kuliuza ghali, huku kwetu bibi zetu wanalo kwenye kikopo cha kahawa. Ila tusidanganyane, wanaosema shabu haina aluminiamu wamechemsha. Shabu ni salfeti ya potasiamu na aluminiamu, jina lenyewe linakwambia. Na haipakwi siku uliyonyoa, itakuuma.

Kwa wanaopenda ya dukani, geuza chupa usome mgongo wake. Ukikuta neno "parfum" au "fragrance", rudisha. Pombe ikiwa kwenye mstari wa kwanza wa viambato, rudisha. Usidanganyike na "unscented", wakati mwingine wametia manukato ya kuficha harufu. Unayoitafuta ni "fragrance free". Na lile neno refu "hypoallergenic" kule Marekani halina kipimo cha kisheria, kila kampuni inajiandikia. Ukishanunua, jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, kama wiki moja. Najua wiki ni ndefu, lakini mimi wiki yangu niliitumia kufundisha nikiwa nimekunja mkono.

Tatizo ni kwamba Kiomboi niliingia maduka manne nikakuta rolioni za aina tatu, zote za manukato. Dada mmoja dukani alinishangaa: "Sasa isiyonukia ya nini?" Sikumlaumu. Anauza tunachoomba.

Kuna jambo moja linanikera kuliko yote, na hili nalisema kwa mabinti wa hosteli yetu. Weusi wa kwapa sio uchafu. Ngozi ikiungua au kukwanguliwa mara kwa mara inaacha alama nyeusi, ndo rangi yetu ilivyo. Ukizidi kusugua inazidi. Halafu mtu anaamua kupaka mkorogo kwapani! Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, tangu 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi iko TBS, na bado makopo yanapita chini ya vitanda vyetu. Kwapa lenyewe nani analiangalia? Kama weusi ni mnene, laini kama mahameli, na upo shingoni pia, nenda kapime sukari. Na majipu yanayorudirudi kwapani ni ya hospitali, rolioni haihusiki.

Nimalizie na kijana mmoja. Pale shuleni kulikuwa na mwanafunzi wa kiume anayekaa peke yake karibu na dirisha. Nikadhani ni mtundu. Kumbe mwalimu mmoja alimhamishia pale mbele ya wenzake, akasema wazi kwamba ananuka. Mtoto wa miaka kumi na sita. Baada ya hapo alikuwa hanyooshi mkono hata akijua jibu, na alikuwa anajua.

Wiki ya mwisho nikafundisha pH kwa mfano wa ngozi, sabuni na ndimu. Sikumtaja mtu, nilijitaja mimi, na darasa lilicheka mpaka likachoka. Kipindi kilipoisha akanifuata nje.

"Madamu, ile ndimu, ukishaungua inachukua siku ngapi?"

Nikamuuliza yeye amepaka kwa muda gani. Akasema tangu alipohamishwa dirishani, kila asubuhi.

Kijiwe changu cha shabu nilikipasua kwa nyundo, nikampa nusu, nikamwambia maneno yaleyale ya mama mwenye nyumba: kwanza upone. Nilimwomba mwalimu wa darasa amrudishe kwenye dawati lake, akakubali bila maneno mengi. Siku naondoka alikuwa dawati la pili kutoka mbele. Mkono sikumwona akinyoosha, lakini pengine bado ulikuwa unauma.

Haya, bumu halijatoka na nusu yangu ya shabu inakwisha. Aliyeona isiyo na manukato chini ya elfu tano hapa Dodoma aniambie ni duka gani.