Boma la Iringa ni la Nani?

Wako watu katika Njombe na Makambako wasemao ya kwamba Boma la Iringa ni nyumba ya Wajerumani, haituhusu. Nakataa. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 kuwa hospitali ya askari. Waingereza wakalifanya ofisi. Tangu 2016 ni makumbusho, na wageni huelezwa habari za kale. Je, kuta zile zilijisimamisha zenyewe? Tena Njombe ilikuwa mkoa mmoja na Iringa hata 2012.

Basi twende, tukaseme yetu. Mwaka 1905 Mbeyela aliposhambulia misheni ya Yakobi, Wakristo walikuwa ndani pamoja na Gröschel. Hao twawasifu kila mwaka. Lakini Wabena waliokuwa nje na mikuki, nao si babu zetu? Mbona twawanyamazia?