Usiniambie ni dini potovu, niambie mtoto amekula

Uko kwa matatu ya Embu kwenda Meru. Mama mwenye kilemba cheupe anapanda, anakaa kando yako. Msee wa kiti cha nyuma ananong'ona: "Hao ndio wale." Wale gani sasa? Tangu Shakahola, kila anayesali tofauti na sisi tunamtia kwenye gunia moja: dini potovu.

Nami nimewahi kuwa huyo msee wa nyuma. Nikiwa mdogo tulikuwa na majirani wa Kavonokia. Kama umekulia Mbeere, Tharaka au Meru unawajua: wanakataa hospitali na dawa, wanasema Mungu pekee ndiye anaponya. Tuliwacheka watoto wao kila siku. Wauguzi wakija mtaani na chanjo, ile boma ilikuwa imefungwa kufuli. Sisi tuliona ni kichekesho. Leo najua surua inaua mtoto, na hakuna kitu cha kucheka hapo.

Lakini angalia vile jina moja linavyochanganya mambo. Yule mama wa kilemba ni Mkorino. Mkoloni aliwaona watu wake kuwa hatari, na mwaka 1934 polisi waliwaua watatu kwa risasi. Leo ni majirani zako, unanunua kwa maduka yao. Marasta nao wameitwa kila jina, hadi Mahakama Kuu ikaamua Septemba 2019 kwamba Urastafari ni dini, na msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele ana haki ya kusoma. Ukiwaweka hawa pamoja na Mackenzie, umemlinda nani?

Utaniambia, "Lakini jina linaonya watu." Sawa, tuangalie Mackenzie mwenyewe. Alishtakiwa mwaka 2017, na suala la watoto kutoenda shule likiwemo. Mwaka 2019 akafunga kanisa lake Malindi, akahamia msituni. Machi 2023 akakamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400. Kwa hivyo si kwamba hakujulikana. Watu walisema, faili zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kufuatilia hadi mwisho.

Baadaye jopokazi la Rais, lililoongozwa na Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa mbunge wetu wa Mbeere Kusini, lilikabidhi ripoti Julai 2024 na kutaka sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Sipingi usajili. Lakini kumbuka, watu walipokuwa wakifa Shakahola, kanisa lilikuwa limeshafungwa miaka minne. Cheti ungemnyang'anya nani?

Ndiyo maana naona tunabishana kuhusu jina wakati kazi iko kwingine. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakupa uhuru wa kuabudu vile unavyotaka. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya chakula, shule na matibabu. Mtu mzima akikataa panadol, huo ni mwili wake. Mtoto wa miaka mitatu hajachagua imani yoyote, na homa yake haingoji tumalize mjadala.

Kwa hivyo ukisikia kuhusu kanisa fulani la ajabu, wacha kilemba, wacha ngoma za usiku. Uliza: anayetaka kuhama anaruhusiwa? Anaongea na familia yake? Watoto wanakula, wanasoma, wanatibiwa? Majibu yakiwa mazuri, basi hao ni majirani tu, wasalimie. Yakiwa mabaya, usipoteze muda kuwatusi. Nenda kwa chifu, au piga 116, laini ya bure ya watoto. Halafu piga tena wiki ijayo, uulize wamefanya nini.

Ile boma yenye kufuli hakuna mtu alirudi kubisha. Hata sisi majirani.