Miguu Isiyotulia Usiku

Mama mpendwa, je, ukilala unahisi kama sisimizi wanatambaa ndani ya miguu, na nafuu huipati mpaka uamke utembee? Hujarogwa. Chanzo kimojawapo kikubwa ni upungufu wa madini ya chuma mwilini, ambao huwapata sana wajawazito.

Jioni acha chai na kahawa. Kabla ya kulala nyoosha misuli ya miguu, ikande kwa maji ya uvuguvugu, kisha ichue. Usimeze Piriton ili upate usingizi. Huweza kuzidisha tatizo. Kula dagaa, maharage na mchicha, pamoja na chungwa.

Hali ikiendelea, nenda kituo cha afya ukapimwe damu. Vidonge vya madini ya chuma usivinunue kwa kubahatisha. Bwana akujalie usingizi mtamu.